Njia ya Kushoto

Jumamosi moja, baada ya chai ya asubuhi, watu wanne walitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kutembea hadi bwawani. Ni mwendo wa nusu saa; kwa mtu mwenye goti bovu, tuseme dakika arobaini. Watatu kati yao walijua kwamba matembezi yale ni mtihani. Wa nne, ambaye ndiye aliyekuwa akitahiniwa, alitangulia na fimbo yake, kofia kichwani, viatu vyake amevipiga rangi mwenyewe vikang'aa.

Huyo wa mbele watu walimwita Dira. Alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na mitano kabla ya kustaafu, na nusu ya mashamba ya upande ule alikuwa ameyapima yeye kwa mnyororo na darubini. Mawe ya mipaka yenye namba, ambayo wachungaji hukalia wakila, ni yeye aliyeyasimamisha. Alijivunia kwamba hajawahi kumwuliza mtu njia. Ukimwuliza yeye angekujibu, lakini kwanza angekutazama kwa muda, kana kwamba wewe ni mtu mzima aliyeomba kulishwa kwa kijiko.

Nyuma yake alikuja mdogo wake, seremala, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya kilima na hakuwa mtu wa maneno mengi. Kisha mwana wa kwanza wa Dira, mfamasia, aliyefika jana yake kutoka mjini pamoja na mkewe. Mwisho kabisa alikuja mke wa Dira, ambaye wanawake wa pale walimwita Mshonaji kwa sababu sare za shule zote mbili za jirani zilitoka kwenye cherehani yake.

Sababu ya mtihani ilikuwa hivi. Tangu mwaka uanze, Dira alikuwa ameunguza birika mbili. Miwani yake ilionekana ndani ya kopo la unga. Mara moja, kwenye simu, alimwita mfamasia kwa jina la kaka yake Dira aliyekufa zamani, na alipokosolewa alikata simu. Mfamasia, ambaye kazini huwauzia dawa watoto wa wazee wa namna hiyo kila siku, alisema baba amekwisha kuanza ugonjwa wa kusahau na hafai kuachwa huku shamba. Lazima ahamie kwake mjini, kwenye chumba cha uani, ambako kuna geti na watu wa kumtazama. Seremala akapinga. Alisema hata yeye miwani humpotea, na mtu asihamishwe kwake kwa kosa la birika. Walibishana kwa simu wiki tatu. Mwishowe mfamasia akatoa shauri: tumpeleke bwawani, mwendo mfupi, njia aliyoipima mwenyewe. Tumwache aongoze. Asikosolewe, asisaidiwe. Akifika, mimi ninyamaze mpaka mwakani. Asipofika, wewe, baba mdogo, ndiwe utakayemwambia.

Seremala alikubali, kwa kuwa hakuona namna ambayo kaka yake angekosa bwawa.

Usiku ule wa kuamkia safari, mfamasia alimwuliza mama yake njia iendayo bwawani, maana yeye mwenyewe aliondoka pale akiwa kijana wa sekondari na hakuwa na hakika. Mama yake akamwambia ukifika njia panda ya mashine ya kusaga unashika kulia, unazunguka nyuma ya shule, kisha unateremka. Mfamasia akaandika kwenye simu yake. Akamwomba mama yake jambo moja tu, kwamba asiseme neno hata akiona nini. Alidhani atalazimika kumbembeleza. Mshonaji alisema, "Mimi sina shida na kunyamaza," akaendelea kukunja nguo.

Na kweli hakuwa na shida, ila mwanawe hakujua kwa nini.

Miaka arobaini na mbili nyuma, Mshonaji alipokuwa bi arusi mgeni katika nchi ile na mfamasia akiwa mtoto wa wiki sita mgongoni, alikwenda zahanati na wakati wa kurudi akapotea. Jua lilikuwa linaelekea kuzama Dira alipomkuta ameketi kando ya njia, mtoto akilia. Dira alikuwa na vibarua wake wanne waliobeba vigingi na mnyororo. Hakumpokea mtoto. Alimwambia, "Haya, tupeleke nyumbani," akamweka mbele. Kila walipofika njia panda alimwacha achague mwenyewe. Akichagua vibaya walimfuata nyuma, wote watano, hawasemi kitu, mpaka njia ilipoishia kwenye zizi la mtu au kwenye mto, hapo ndipo Dira alipomwambia, "Sasa rudi." Vibarua walicheka mwanzoni, kisha wakaacha kucheka. Miguu yake ilikuwa bado imevimba kwa uzazi. Walifika nyumbani kiza kimekwisha kuingia, na mwendo wenyewe ulikuwa wa robo saa.

Kama mambo yangeishia hapo, pengine angesahau. Lakini Dira aliigeuza kuwa kichekesho chake. Aliisimulia arusini, aliisimulia kwenye matanga, aliwasimulia walimu waliokuja kuchukua sare. Ilikuwa na mwisho wake maalumu: "Mke wangu huyu, mzungushe mara mbili hapo uani, hauoni mlango wa jikoni." Watu walicheka kila mara, na Mshonaji alitabasamu kila mara, kwa kuwa mwanamke asiyetabasamu mumewe akitania huambiwa ana kisirani.

Basi walitoka. Asubuhi ilikuwa nzuri, umande haujakauka. Dira alikuwa mchangamfu. Alionyesha kwa fimbo shamba hili na lile, akasema ni la nani na lilikuwa la nani kabla ya huyo, na kesi gani ilizuka kuhusu mpaka wake, na nani alihamisha jiwe usiku akashikwa. Hakukosea hata moja. Seremala alianza kumtazama mfamasia kwa jicho la ushindi. Walipita mashine ya kusaga, wakawasalimia wanawake waliokuwa kwenye foleni na magunia yao, wakafika njia panda.

Dira hakusita. Alishika kushoto.

Mfamasia alitazama simu yake, kisha akamtazama baba yake mdogo, akainua kidole kimoja kwa upole, kama mwalimu anayeweka alama. Seremala akageuka akaitazama njia ya kulia. Hakuijua njia ile vizuri, maana yeye huja kwa kaka yake kwa upande mwingine, lakini alikuwa ameambiwa ni kulia.

Mshonaji aliijua. Alipita pale kila Alhamisi kupeleka kazi kwa mke wa mlinzi wa bwawa. Alijua kwamba njia ya kushoto ndiyo iliyokuwa njia. Ndiyo Dira aliyoipima, ndiyo iliyochorwa kwenye ramani, na watu wote waliipita mpaka miaka miwili iliyopita, tajiri mmoja aliponunua bonde akapanda mikaratusi na kuvuta seng'enge katikati ya njia. Tangu hapo ndipo watu walipoanza kuzunguka nyuma ya shule. Dira hakuwa amekanyaga bwawani kwa miaka mitatu kwa sababu ya goti. Hakuna aliyemwambia habari ya seng'enge. Yaani, mtu wa kumwambia alikuwa ni mkewe, na siku ile tajiri alipoziba njia wao wawili walikuwa hawasemeshani kwa jambo ambalo sasa hakuna aliyelikumbuka. Na baadaye Mshonaji hakuona haja.

Alitembea nyuma yao bila neno. Alijiambia kwamba ameombwa anyamaze, naye ananyamaza.

Baada ya dakika kumi walifika kwenye seng'enge. Ilikuwa nyaya tano, nguzo imara, na nyuma yake mikaratusi imesimama kwa mistari kama askari. Dira alisimama. Aliigusa waya ya juu kwa ncha ya fimbo.

"Hii haikuwapo," alisema.

Mfamasia akamsogelea, akamwambia kwa sauti ile anayotumia dirishani pake pa dawa kwamba waya hizi zina kutu, baba, hazikuwekwa jana. Kweli zilikuwa na kutu, kwa kuwa tajiri alizinunua zikiwa zimekwisha tumika kwingine. Dira alitazama kutu ile. Akatazama nyuma walikotoka, kisha mbele, ambako mistari ya miti iliziba kila alichokijua. Halafu akageuka akamtafuta mkewe kwa macho.

"Mama, si wewe hupita hapa kila wiki?"

"Mimi huwa sipiti huku," Mshonaji alijibu.

Lilikuwa neno la kweli. Alilisema akimtazama usoni, na akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika uso ule tangu aolewe: Dira aliamini kwamba amekosea. Ilimchukua muda mfupi sana, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Kisha akavuta kofia yake chini akasema, basi, kuna njia ya mkato kando kando ya mpaka, nifuateni.

Mpaka hapo alikuwa hajapotea. Kuanzia hapo alipotea kweli. Alifuata seng'enge mpaka ilipokunja kona, akaingia kwenye upenyo mmoja wa shamba, akatembea kati ya mistari ya mikaratusi ambayo yote ilifanana, mbele miti, nyuma miti. Alikata kulia, akakata kulia tena. Alisimama akatazama jua, lakini majani yalikuwa yamelivunja vipande vipande. Walitokea mahali walipokwisha kupita; Mshonaji aliutambua mfuko wa mbolea uliochanika chini ya mti. Dira hakuutambua, au alijifanya. Mazungumzo yake yalikwisha. Goti lilianza kumsumbua, na kila hatua alitoa mguno mdogo ambao alidhani hausikiki.

Seremala alitaka kusema. Alifungua kinywa mara mbili, na mara zote mbili mfamasia alimgusa kiwiko. Tena mfamasia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu ya kweli kuhusu baba yake, na sasa aliona hofu yake inathibitishwa hatua kwa hatua, na mtu akithibitishwa husahau kuhurumia. Alikuwa akiandika kwenye simu: saa tatu na dakika ishirini, amerudi palepale, saa tatu na nusu, amegeuka tena.

Walitoka kwenye miti kwa upande wa chini, penye majimaji na matete. Hapo Dira aliliona jiwe la mpaka, limezama nusu kwenye nyasi. Alipiga magoti kwa shida, akalifuta tope kwa leso yake nyeupe, akaisoma namba kwa sauti. Uso wake ulichangamka. Akawaeleza siku aliyolisimamisha: mvua ilikuwa inanyesha, kibarua mmoja aliyekuwa akiitwa Kijiko aliumwa na nge wakamfunga mguu kwa kamba ya kiatu, na mkuu wake wa kazi alikuja kukagua akakuta jiwe halijapinda hata unywele. Alieleza yote hayo akiwa amepiga magoti. Mwanawe akamwuliza taratibu, "Sasa baba, kutoka hapa bwawa liko upande gani?"

Dira alinyanyuka. Alitazama kulia, alitazama kushoto. Midomo yake ilitikisika kama mtu anayehesabu.

Mfamasia na seremala wakasogea kando kidogo, wakaanza kunong'onezana, seremala akitaka mambo yaishe, mfamasia akisema ngoja kidogo. Ndipo Dira alipomwendea mkewe. Alimshika ukingo wa kanga, pale penye pindo, akauvuta kidogo kama afanyavyo mtoto sokoni. Alisema kwa sauti ya chini sana, akiwapa mgongo wale wawili.

"Mama. Nionyeshe kwa jicho tu."

Bwawa lilikuwa nyuma ya matete yale, hatua mia mbili hivi, mkono wa kulia. Mshonaji alikuwa akisikia bata. Angegeuza macho tu, na mumewe angegeuka akasema kwa sauti yake ya siku zote, ni huku bwana, mnangoja nini. Wangefika. Mfamasia angeandika saa ya kufika, seremala angecheka, na jambo lingeisha.

Aliutazama mkono wa mumewe ulioshika kanga. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wale wawili na zaidi:

"Unaniuliza mimi? Mimi si yule ambaye ukinizungusha uani mara mbili sioni mlango wa jikoni?"

Mfamasia alicheka. Hakukusudia, kilikuwa kicheko cha puani, cha mtu aliyesikia mzaha wa nyumbani kwao aliokua nao. Alikizuia mara moja, lakini kilikuwa kimetoka. Seremala alitazama chini.

Dira aliachia kanga. Akageuka, akaenda moja kwa moja mbele, si kulia wala kushoto, akaingia kwenye majimaji. Walimwita. Hatua ya nne mguu ulizama mpaka kwenye goti lile bovu, na alipouvuta ulitoka bila kiatu. Alijaribu kuinama kukitafuta, akatia mkono kwenye tope mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akapapasa. Mwanawe alivua viatu akaingia kumtoa. Alimshika kiunoni akamrudisha nchi kavu, akimwambia maneno ya kutuliza, na mzee akafuata kwa utiifu ambao uliwatisha wote watatu.

Kiatu kilibaki huko.

Walirudi nyumbani mfamasia akimwongoza baba yake kwa mkono, kwa njia ya nyuma ya shule. Wanawake wa mashine ya kusaga walikuwa bado kwenye foleni. Walimwona Dira mwenye tope mpaka kifuani, soksi moja mguuni, anaongozwa na mwanawe kama kipofu. Walimwamkia kwa heshima, na alipopita wakaanza kusemezana.

Baada ya chakula cha mchana walikaa sebuleni. Mkaza mwana, yaani mke wa mfamasia, alikuwa amemwogesha mkwe wake miguu na kumpa nguo safi, naye Dira alikaa kwenye kiti chake cha siku zote akitazama dirishani. Mfamasia alisoma alichokiandika. Hakukiongeza chumvi, hakikuhitaji. Aliposema "kosa la kwanza, njia panda, alishika kushoto," Dira aligeuza kichwa.

"Kushoto ndiyo njia," alisema. "Wameiziba. Mwulizeni mwenye shamba."

Mfamasia akasema sawa baba, tutamwuliza. Lakini seremala alikuwa amekunja uso. Alikuwa mtu wa mbao, na mtu wa mbao hujua kutu ya msumari haikuelezi msumari uligongwa lini. Akamgeukia Mshonaji.

"Shemeji, wewe ndiye mwenyeji hapa. Ile seng'enge ina muda gani? Kabla yake watu hawakuwa wakipita kushoto?"

Chumba kizima kilimtazama. Mshonaji alikuwa ameshika sindano, anaweka kifungo kwenye shati la mumewe. Alichoma sindano, akaitoa upande wa pili, akavuta uzi mpaka mwisho.

"Sikumbuki, shemeji," alisema. "Tangu nijue mimi, watu huzunguka nyuma ya shule."

Dira alimtazama muda mrefu. Hakumbishia. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na labda ndivyo alivyofanya. Au labda alikuwa amekwisha kuanza kujiuliza kama kweli kulikuwa na njia. Kutoka pale mpaka kwa mwenye shamba ni dakika ishirini kwa miguu, na mfamasia alikuwa na gari. Hakuna aliyekwenda kuuliza, si siku ile wala siku nyingine.

Jumatatu alihamishwa. Seremala ndiye aliyemwambia, kama walivyopatana, naye alilia wakati wa kumwambia, Dira hakulia. Aliomba jambo moja, kasha lake la ramani. Mfamasia alisema gari limejaa, litafuata baadaye. Mshonaji aliambiwa naye ahamie mjini. Akasema ana sare mia na ishirini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, kwa hiyo atakuja zikiisha. Zilipoisha alipata kazi nyingine.

Alikuwa peke yake kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliitoa cherehani kwenye kile kichumba cha stoo alichopewa, akaiweka sebuleni penye mwanga. Alilala katikati ya kitanda. Alitarajia moyo utamsuta, akaungoja. Akashangaa kwamba anakula vizuri, na kwamba akitembea kwenda bwawani Alhamisi huwa anaimba kwa sauti ndogo. Wateja walimpa pole ya kuuguza, akazipokea.

Kule mjini Dira aliishi kwenye chumba cha uani chenye dirisha linalotazama ukuta. Geti lilifungwa kwa kufuli kwa usalama wake. Dawa alipewa asubuhi na jioni. Mtu aliyezoea kutembea nchi nzima akifungiwa hatua thelathini, akili yake huzunguka humohumo mpaka ichoke. Mwezi wa tatu alianza kuhesabu hatua za uani kwa sauti. Mwezi wa tano alikuwa hajui siku. Ule ugonjwa uliokuwa nusu ukweli na nusu tuhuma ukawa ukweli mtupu, na mfamasia alimwambia kila mtu kwamba alishukuru Mungu waliwahi mapema.

Mshonaji alikuja kumwona mara moja kwa mwezi. Alileta matunda, akakaa saa moja, akaondoka na gari la saa tisa. Mwezi wa sita alimkuta ameketi kitandani, amenyolewa vizuri, macho yake yamesafika. Kuna siku ambazo wagonjwa wa namna ile hurudi, kama mtu anayepita nyumbani kuchukua kitu alichosahau.

"Mama," alisema. "Ile njia yangu ya kushoto. Waliiziba, sivyo?"

Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Mshonaji alimenya chungwa mpaka likaisha, akalipasua.

"Waliiziba. Miaka miwili kabla ya siku ile."

"Ulijua siku ile."

"Nilijua."

"Na bwawa?"

"Lilikuwa nyuma ya matete. Nilisikia bata."

Dira aliitikia kwa kichwa polepole. Hakuonyesha hasira, alionekana kama mtu aliyepimiwa tena hesabu yake akaambiwa iko sawa. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akamwita mwanawe kwa sauti kubwa ya zamani. Mfamasia alikuja mbio kutoka jikoni.

"Mama yako anasema njia ilikuwa pale," Dira alisema. "Kushoto. Mwulize. Sikukosea. Mwulize."

Mfamasia alimtazama mama yake.

Mshonaji alimpa mumewe kipande cha chungwa mkononi. "Ameamka anachanganya," alisema. "Amekuwa akisema habari za njia tangu nifike. Dawa amekunywa?"

Dira alisimama na kile kipande cha chungwa. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mwanawe alimshika bega akamketisha, akaenda kuleta vidonge.

Mkaza mwana alikuwa nje, kando ya mlango, na sinia la chai. Alikuwa amesimama hapo tangu chungwa lilipokuwa linamenywa. Aliingia, akaweka sinia, akammiminia Mshonaji chai bila kumtazama. Kwa kawaida akisindikiza wageni alikwenda mpaka kituoni. Siku ile aliishia getini.

"Nilikuwa mlangoni, mama," alisema.

"Basi umesikia."

"Nimesikia yote."

Mshonaji alingoja kama kuna zaidi. Akaaga akaondoka.

Jioni ile mkaza mwana alimweleza mumewe kila neno. Alikuwa na sababu yake pia, kwa kuwa ni yeye aliyemwogesha mzee na kumfulia, na alidhani mtu aliyehamishwa kwa uongo anaweza kurudishwa kwa ukweli. Mfamasia alisikiliza mpaka mwisho. Alizungusha kifuniko cha chupa ya dawa. Halafu akasema hata kama ni hivyo, sasa je, mtazame alivyo, unaweza kumrudisha shamba mtu huyu? Mkewe akakiri kwamba kweli hawezi. Mfamasia alimwomba asimwambie seremala. Yeye mwenyewe hakumwuliza mama yake kamwe.

Mshonaji alitambua kwamba mwanawe anajua, kwa sababu tangu siku hiyo alianza kumpeleka kituoni kwa gari na kuzungumza habari za mvua njia nzima. Mkaza mwana naye alimkaribisha vizuri, akamwandalia chai, kisha akaketi chumbani na kazi yake ya mkono mpaka mgeni aondoke, asiwaache wawili wale peke yao hata kwa dakika moja.

Siku safi haikurudi tena. Kufikia mwisho wa mwaka Dira alimwita mkewe bibi, na alimwuliza kwa adabu kubwa, adabu ambayo hakuwahi kumpa alipokuwa akimjua, kama amekuja kuhusu kiwanja chake. Mshonaji alisema ndiyo. Dira akamwambia vibarua wako nje bado, aketi kidogo awangoje. Akaketi, mkoba mapajani, mpaka saa ya gari ikafika.